Joto Halijui Umezaliwa Wapi

Nikimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba najiandaa kwa triathloni ya mwishoni mwa Januari, yaani kuogelea, baiskeli na kukimbia mfululizo, fukuto likiwa limekolea, jibu huwa lile lile: wewe si mtu wa pwani? Joto unaliogopea nini? Nimelisikia kazini, nimelisikia kwa majirani, na shangazi yangu wa Bagamoyo ndiye anayelisema kwa mkazo kuliko wote. Wiki hizi za mwisho nimezipanga kwa imani iliyo kinyume na jibu hilo. Naandika kwa ajili ya wenzangu tutakaosimama pamoja ufukweni asubuhi ile, hasa wanaoingia kwa mara ya kwanza, kwa sababu nina hofu ya kweli kwamba watu wenye pumzi na miguu mizuri wataumia kwa kudhani kuzaliwa Temeke ni maandalizi tosha.

Wengi wetu tunaishi pwani lakini hatufanyi kazi juani. Nalala chini ya feni. Ofisini Posta kiyoyozi kinavuma kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, na wapo wenzangu wanaovaa sweta hata Januari. Mazoezi nayo tunayafanya saa kumi na moja alfajiri, jua halijatoka, au baada ya magharibi. Aliyezoea joto ni kijana anayesukuma mkokoteni Kariakoo saa saba mchana, ni mvuvi anayevuta nyavu, ni mama lishe aliyesimama mbele ya jiko la mkaa tangu alfajiri. Miili yao imejengwa na kazi ndani ya joto. Sisi wengine tunapishana nalo tu, tukitoka kivuli hiki kwenda kile.

Mtazame Alphonce Simbu. Septemba 2025, kwenye marathoni ya mashindano ya dunia Tokyo, aliipatia Tanzania dhahabu ya kwanza katika historia ya mashindano hayo. Muda wake ulikuwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, sawa na ule aliopewa Mjerumani Amanal Petros aliyeshika nafasi ya pili. Waliachana kwa sehemu ndogo ya sekunde pale kwenye mstari. Ilikuwa asubuhi ya joto na unyevu ambayo mkazi wa Tanga angeitambua mara moja. Na Simbu mazoezi yake ni ya Arusha, kwenye ubaridi wa nyanda za juu. Alikaa ndani ya kundi, akavumilia, akawaacha wengine waharakishe, akabakiza nguvu ya mita za mwisho. Miaka sita kabla ya hapo, Septemba 2019, marathoni ya wanawake ya mashindano hayo hayo ilianza karibu na saa sita usiku mjini Doha ili kulikwepa jua, na bado kati ya wanawake 68 walioanza ni 40 tu waliomaliza. Jua halikuwepo. Kilichowaangusha ni joto la zaidi ya nyuzi 30 likiwa limebebana na unyevu wa Ghuba.

Huo unyevu ndio ninaotaka tuuelewe vizuri, maana ndio sura halisi ya joto letu. Nyuzi 32 za Dar es Salaam si nyingi ukizilinganisha na za Khartoum. Lakini mwili unapofanya kazi, katika kila sehemu nne za nguvu unazochoma ni moja tu hivi inayosukuma pedali au kuinua mguu. Zilizobaki zinageuka joto, na joto hilo lazima litoke. Njia yetu kubwa ya kulitoa ni jasho, na jasho halipozi kwa kutoka tu. Linapoza kwa kukauka. Lile linalodondoka kutoka kwenye kidevu na kulowesha viatu ni maji na chumvi vilivyopotea bure. Hewa ikiwa imeshajaa unyevu, jasho linafanya kama nguo zilizoanikwa chumbani wakati wa masika: limetandaa, haliondoki. Hapo moyo unabebeshwa kazi mbili kwa damu ile ile. Misuli inaidai ili ipate hewa safi, ngozi inaidai ili itoe joto nje. Kadiri jasho linavyokupunguzia maji ndivyo damu hiyo inavyopungua, na moyo unalazimika kupiga haraka zaidi kwa mwendo ule ule.

Umbali wetu ni ule wa Olimpiki: kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40, kukimbia kilomita 10. Tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwa watu wa kasi yangu, hiyo maana yake ni kushuka kwenye baiskeli karibu saa tatu kasorobo, jua likiwa limeshapanda juu ya Bahari ya Hindi, na kukimbia kilomita zote kumi ndani yake.

Habari njema ni kwamba mwili hujifunza, tena hujifunza upesi. Watafiti wa michezo wanakubaliana kwamba siku 7 hadi 14 za mazoezi ndani ya joto, saa moja au saa moja na nusu kila siku, zinatosha kuleta mabadiliko makubwa. Kwanza majimaji ya damu yanaongezeka, hilo huonekana ndani ya wiki ya kwanza, na mapigo ya moyo yanashuka. Kisha jasho linaanza mapema zaidi na kutoka kwa wingi zaidi, na chumvi ndani yake inapungua, kana kwamba mwili umeanza kubana matumizi. Faida hizi hazidumu. Ukirudi kwenye kiyoyozi moja kwa moja zinapungua kila siku, asilimia mbili au tatu hivi. Ndiyo maana mazoezi ya joto hayafanywi Oktoba. Kazi hii ni ya wiki tatu za mwisho, na hapo ndipo inapogongana na jambo jingine ambalo nalo ni la wiki za mwisho, yaani kupunguza mazoezi. Namna ya kuvipatanisha hivyo viwili ndiyo kazi yenyewe ya kipindi hiki.

Nilichukua sehemu ya likizo yangu ya mwaka kwa ajili hii. Wiki ya tatu kabla ya mashindano nilianza kukimbia mchana, saa nane, saa tisa, taratibu sana, kutoka Coco Beach kufuata barabara ya Toure Drive kuelekea Masaki na kurudi. Siku za mwanzo zilikuwa fupi, nusu saa tu, kisha nikawa naongeza. Sikwenda peke yangu. Mdogo wangu alinifuata kwa baiskeli akiwa na maji na simu, na tulikubaliana kwamba akiniuliza swali rahisi, tuseme jina la mtaa tulipo, nikajibu kwa kusitasita, zoezi limeisha. Siku nyingine niliweka baiskeli chumbani kwenye roli, kile kifaa cha kupigia pedali bila kusonga mbele, madirisha nimefunga, feni nimezima, dada yangu ameketi mlangoni. Kwa walioko nchi za baridi wanaosoma hapa wakijiandaa kuja huku au kwenda Asia, kuna njia iliyothibitishwa vizuri ambayo haihitaji jua: baada ya zoezi la kawaida, kaa kwenye maji moto ya nyuzi 40 hadi shingoni kwa nusu saa hivi, siku sita mfululizo. Anayeshindwa kuvumilia nusu saa atoke mapema na aongeze kesho yake.

Mabadiliko nimeyaona kwenye saa ya mkononi. Mwanzoni, kwa mwendo wa dakika saba kwa kilomita, mapigo yangu yalikuwa yanafika 165 kabla sijauona mzunguko wa Masaki. Sasa kwa mwendo huo huo, saa ile ile ya mchana, yanatulia karibu na 150. Kofia yangu nyeusi ilikuwa ikikauka na kubaki na michirizi mipana ya chumvi. Siku hizi michirizi ni myembamba. Na kuna jambo ambalo saa haipimi: ile hofu inayopanda kifuani unapohisi uso umewaka na upepo haupo, nimeshaizoea. Nikiihisi najua inatoka wapi na najua inachotaka, ambacho ni kupunguza mwendo kidogo.

Niseme moja kwa msisitizo. Mtu aliyetoka kuugua, hasa malaria au homa yoyote, hiyo si wiki ya kujaribu joto. Mwili uliotoka kwenye homa hushindwa kujipoza hata kama mwenyewe unajiona umepona. Vivyo hivyo anayetumia dawa za presha, za mzio au nyingine za kila siku amuone daktari wake kwanza, kwa sababu baadhi ya dawa hupunguza jasho au hubadilisha namna mwili unavyotunza maji.

Baharini hali ni tofauti na wanavyodhani walio mbali. Watu hufikiri kuogelea ndiyo sehemu ya kupoa. Januari maji ya pwani yetu yana nyuzi 28, pengine 29. Ukiogelea kwa nguvu unatoka mule ukiwa na joto zaidi ya ulivyoingia, na umetoa jasho bila kujua kwa sababu huwezi kuliona majini. Kwa hiyo nimejifunza kuogelea kilomita ile moja na nusu nikivuta pumzi kila baada ya mikono mitatu, bila papara, na kunywa mara tu nikifika kwenye baiskeli.

Bahari yenyewe nimefundishwa kuisoma na mzee mmoja mvuvi pale Msasani. Kila nikifika ananitazama kwanza, halafu anatazama maji.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Leo bamvua, maji yameanza kutoka. Usipite zile ngalawa.”

Anachosema ni hiki. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa umeandama, maji yetu hujaa na kupwa kwa tofauti ya mita tatu na nusu, nne. Siku hizo hujaa alfajiri na kupwa kuelekea saa nne au saa tano asubuhi, kwa hiyo anayeingia saa kumi na mbili na nusu anaogelea wakati maji yanaondoka, na mkondo unamvuta nje. Siku za maji mafu mvutano ni mdogo, unaweza kupumua. Anayejiandikisha mashindano ya baharini bila kutazama kalenda ya mwezi anaacha nje habari muhimu kuliko aina ya miwani aliyonunua. Tarehe ya mashindano yetu nimeitazama: tutakuwa kati, si bamvua wala maji mafu. Upepo wa kaskazi nao hulala alfajiri na kuamka jua likipanda, basi mawimbi hayatakuwa makubwa tukiwa majini. Viatu vya mpira vya kuingilia majini navishauri kwa wote, maana miamba ya pale na wale viumbe weusi wenye miiba hawachagui bingwa wala mgeni.

Kwenye baiskeli sitakaa sana. Upepo wa mwendo wako mwenyewe unakausha jasho, na kwa sababu hiyo baiskeli inadanganya: unajisikia vizuri kuliko ulivyo. Hii ndiyo sehemu ya kunywa na kula, tumbo likiwa limetulia. Mazoezi marefu tumeyafanya Kigamboni, Mjimwema hadi Gezaulole na mbele yake, kwa sababu magari ni machache kuliko barabara ya Bagamoyo. Baada ya kila zoezi la karibu na bahari cheni ioshwe kwa maji baridi, ikaushwe, ipakwe mafuta; chumvi ya hewani inakula chuma ndani ya siku chache. Na fundi aiguse baiskeli wiki moja kabla. Asiiguse siku moja kabla.

Kukimbia ndiko kunakoamua. Hapa upepo wa mwendo umeisha, na hapa nimegundua jambo ambalo sijaona likiandikwa kwa ajili ya pwani yetu. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki. Ukikimbia kuelekea kaskazini inakupiga usoni, inakuchosha kidogo, lakini inakukausha. Ukigeuka kurudi kusini, ikiwa inavuma kwa kasi inayokaribia mwendo wako, hewa inayokuzunguka inasimama kabisa. Unakimbia ndani ya mfuko wa hewa yako mwenyewe, yenye joto lako na mvuke wako. Mtu huhisi upepo uko nyuma, unamsaidia, akaongeza mwendo, na ndani ya dakika chache kichwa kinaanza kuvimba. Kwenye mazoezi ya mchana mapigo yangu yalikuwa juu kila mara niliporudi kusini, hata nilipopunguza mwendo. Basi mpango wangu wa siku ile umejengwa juu ya hilo: kwenda, mwendo wangu wa kawaida, kurudi, nalegeza kwa sekunde kumi na tano au ishirini kwa kila kilomita, na maji yote ya kujimwagia nayatunza kwa ajili ya kurudi.

Maji ya kujimwagia na maji ya kunywa ni mambo mawili. La kwanza halina kikomo: kichwani, shingoni, kwenye mikono. Mwenzetu mmoja anayekimbia na hijabu ya kitambaa chepesi huilowesha kila kituo, na ameniambia ni afadhali kuliko kofia kwa sababu inabaki na maji shingoni. La pili lina kipimo. Nimejipima kwenye mizani kabla na baada ya mazoezi ya mchana; kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho, ukijumlisha na ulichokunywa. Mimi napoteza zaidi ya lita moja kwa saa. Sijaribu kuirudisha yote. Tumbo linalotikiswa na kukimbia halipokei kiasi hicho, na kunywa kupita kiasi nako kunaua. Waliochunguzwa damu baada ya marathoni ya Boston mwaka 2002, asilimia 13 walikutwa chumvi ya damu imeshuka chini ya kiwango, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani. Hii ni muhimu hasa kwa wanaokwenda polepole, wanaopita kila meza ya maji na kunywa vikombe viwili kwa sababu wameambiwa wanywe sana. Kunywa kiu ikikuita, na ukimaliza mashindano ukiwa mzito kuliko ulivyoanza, ujue umezidisha.

Madafu nayapenda, nimekua nayo, na baada ya mazoezi sina kinywaji ninachokitaka zaidi. Lakini kinachotoka kwenye jasho kwa wingi ni sodiamu, yaani ile chumvi ya mezani, na dafu lina potasiamu nyingi kuliko sodiamu. Kwa hiyo chupa yangu ya baiskeli ina maji, sukari, limau na chumvi kidogo, na dafu linangoja mwisho. Kwa nguvu nalenga gramu 60 za wanga kila saa: kinywaji hicho, tende zilizotolewa kokwa, na pakiti moja ya geli ya wanga ambayo tumbo langu limeshaizoea. Siku ya mashindano si siku ya kuonja kitu kipya, hata ukipewa bure na mtu mwema. Nitafungua asubuhi kwa chai, ndizi mbivu na mkate, saa tisa usiku, na karibu na kuanza nitakunywa barafu iliyosagwa ya ukwaju. Barafu iliyosagwa ikinywewa kabla ya kuanza hushusha joto la ndani ya mwili kidogo, na hicho kidogo ni dakika kadhaa za nafuu mbele ya safari. Ukwaju ni chaguo langu.

Sasa kupunguza. Utafiti uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi, uliotolewa 2007, ulionyesha kuwa kinacholeta faida kubwa ni wiki mbili za kupunguza kiasi cha mazoezi kwa asilimia 41 hadi 60, huku kasi ikibaki ile ile na siku za mazoezi zisipungue sana. Ukiusoma ni mwepesi. Kuuishi ni kugumu, kwa sababu mtu aliyezoea kuchoka huona kupumzika ni uvivu, na wiki hizi ndizo kila rafiki anapokuuliza umekimbia kilomita ngapi. Miguu inakuwa mizito bila sababu, halafu ghafla inawasha inataka kukimbia. Nilimwambia kocha.

“Kocha, niongeze moja ndefu Jumamosi. Najisikia.”

“Dada, ya wiki hii haikusaidii Jumapili ile. Ya wiki hii inakutoza tu. Nenda ukalale.”

Nimemsikiliza. Mazoezi magumu ya joto niliyamaliza siku kumi kabla. Kuanzia hapo nimebakiza vikao vifupi vya mchana, dakika 30 au 40, siku moja na kuruka moja, vya kuulinda mwili usisahau. Asubuhi ni vipande vichache vya kasi, kisha basi. Kwenye kulala nina msimamo ambao wengine hawaupendi: usiku nautaka ubaridi. Wapo wanaosema zima feni, lala na joto, mwili uzidi kuzoea. Mimi naona usingizi mbaya wa wiki mbili unachukua zaidi ya unavyotoa. Mwili ujifunze joto mchana, usiku ujengwe. Umeme ukikatika tunafungua madirisha ya upande wa bahari na kumwagia sakafu maji.

Nimekuwa nikifikiria pia picha ambazo mchezo huu umezitangaza duniani. Februari 1982 kule Hawaii, Julie Moss, mwanafunzi wa miaka 23 aliyekuwa anaongoza, alianguka mita chache kabla ya mstari wa mwisho na kutambaa kwa mikono na magoti huku Kathleen McCartney akimpita. Picha za televisheni za usiku ule ziliwavuta maelfu kuingia kwenye triathloni. Septemba 2016 kisiwani Cozumel, Mexico, Jonny Brownlee akiwa mbele peke yake alianza kuyumba, zikiwa zimebaki mita mia chache; kaka yake Alistair alimshika bega, akamkokota, akamsukuma avuke mstari mbele yake. Henri Schoeman wa Afrika Kusini akawa amepita na kushinda. Watu hulia wakiitazama, nami nimelia. Lakini nikiitazama sasa naona mgonjwa. Miguu inayopinda, shingo inayoanguka, macho yasiyotazama popote: hizo ni dalili za ubongo uliopata joto kupita kiasi, na kila sekunde ya kutambaa ni sekunde ambayo mtu huyo alipaswa kuwa anapozwa.

Ndiyo maana ninaiheshimu zaidi Oktoba 2025. Kona, Hawaii, mashindano ya dunia ya wanawake ya Ironman, yaani triathloni ya umbali mrefu. Lucy Charles-Barclay wa Uingereza, bingwa wa 2023, alikuwa akipambana mbele na Mmarekani Taylor Knibb. Lucy aliingia taabani kwa joto, akasimama, akaacha. Taylor akabaki kiongozi, na zikiwa zimebaki kilomita chache tu miguu ikakataa, akaketi kando ya barabara. Solveig Løvseth wa Norway, aliyekuwa akija kwa mwendo wake nyuma yao, akatwaa ubingwa. Wawili hao ni miongoni mwa wanawake bora kabisa duniani, wenye makocha, maabara na miaka ya maandalizi, na joto liliwasimamisha. Uamuzi wa Lucy wa kuacha akiwa bado anajitambua naona ulihitaji nguvu kuliko kutambaa. Nimewaomba ndugu zangu watakaokuja kunitazama wasinipigie kelele ya “usikate tamaa” wakiniona nayumba. Waniulize jina la mtaa.

Na mtu akianguka? Hapa ndipo ninapotaka waandaaji wote wa pwani, wa Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa, wanisikilize. Kiharusi cha joto kinachotokana na mazoezi ni joto la ndani kupita nyuzi 40 pamoja na kuchanganyikiwa akili. Msidanganyike na ngozi iliyolowa. Mkimbiaji mwenye kiharusi hiki mara nyingi bado anatoa jasho, na wengine husikia baridi na kusisimka vinyweleo. Desturi yetu ni kumpakia kwenye gari haraka na kukimbilia hospitali. Kwa ugonjwa huu utaratibu ni kinyume: poza kwanza, safirisha baadaye. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye uhai, na foleni ya Dar inaweza kuimeza yote. Kule Falmouth, Massachusetts, kwenye mbio za barabarani za kila Agosti, katika kipindi cha miaka 18 walihudumia wagonjwa 274 wa kiharusi cha joto kwa kuwatumbukiza kwenye maji ya barafu pale pale penye mstari wa mwisho. Wote 274 walipona. Kilichotumika ni beseni kubwa, maji, barafu na watu wanaojua la kufanya: mgonjwa anaingizwa hadi shingoni, mmoja anamshika kichwa kisizame, mwingine anakoroga maji, daktari anapima joto hadi lishuke. Asiyejitambua hapewi kinywaji. Pasipo na beseni, mashuka yaliyoloweshwa maji ya barafu yabadilishwe kila yanapopata joto, mwili mzima, huku maji yakimwagwa na hewa ikipepewa.

Sisi wa kikundi chetu tumeamua kutongoja. Tumechangishana, tumenunua tangi la plastiki, na fundi amelikata juu na kulainisha kingo. Daktari mmoja anayekimbia nasi alitufundisha kumwingiza na kumtoa mtu bila kumvunja shingo, tukafanya zamu mpaka kila mmoja akaweza. Waandaaji wametupa nafasi hatua chache baada ya mstari wa mwisho, upande wenye kivuli, na gari la wagonjwa litaegeshwa nyuma yake. Barafu tutaichukua Feri, soko la samaki, Jumamosi alasiri, yale mapande makubwa yanayokaa usiku kucha yakifunikwa magunia. Tunahitaji bado watu wanne wa kushika zamu kuanzia saa tatu hadi saa sita mchana, na bajaji mbili za kubebea. Anayeweza aje Feri saa tisa alasiri, tunakutana upande wanakouza barafu. Aje na glavu.